Marejeo Elfu Tisa ni Mengi Kiasi Gani?

Mwezi uliopita mpwa wangu, ambaye amemaliza shahada ya kwanza ya kemia na sasa anatafuta msimamizi wa shahada ya uzamili, alikuja kwangu Ngamiani, hapa Tanga, baada ya magharibi, akaniamkia, akaketi barazani, na kabla kahawa haijamiminwa alikuwa amekwisha kuniwekea simu yake mkononi. Kwenye kioo palikuwa na wasifu wa mkemia wa nyenzo za nano, yaani vitu vyenye chembe ndogo mno, anayefanya kazi katika chuo kikuu kimoja cha ng'ambo, na kando ya jina lake palikuwa na kisanduku chenye namba tatu: marejeo 9,412, kipimo cha h 41, kipimo cha i10 97. "Mjomba," aliniuliza, "huyu ni mkubwa, au ni wa kawaida tu?" Nimesomesha kemia katika shule za sekondari kwa zaidi ya miaka 30, na bado sikuweza kumjibu kwa neno moja. Tulizikalia zile namba hadi kahawa ikapoa. Ninachokiandika hapa ni yale tuliyoyachambua usiku ule, pamoja na machache niliyoyaangalia baadaye. Jina la mkemia silitaji, na namba zake nimezigeuza kidogo ili asitambulike.

Tuanze na rejeo lenyewe. Kila makala ya kisayansi huishia na orodha ya maandishi ambayo mwandishi ameyategemea, na kila andiko linapotajwa katika orodha ya namna hiyo huhesabiwa kuwa limepata rejeo moja. Basi mtu mwenye marejeo 9,412 ni mtu ambaye maandishi yake, yote kwa pamoja, yametajwa mara 9,412 katika orodha za wengine, na pengine katika orodha zake mwenyewe, kwa kuwa hesabu ya kawaida haimtengi mtu anayejitaja. Namba hiyo haielezi ametajwa kwa nini. Anayeisifu kazi yako anakuhesabia rejeo moja. Anayeipinga anakuhesabia moja. Aliyeazima njia yako ya kuandaa kemikali anakuhesabia moja. Na yule aliyenakili orodha ya mwenzake bila kufungua hata ukurasa mmoja wa makala yako naye anakuhesabia moja.

Tena ni vizuri kukumbuka kwamba hesabu hii haikuanzishwa kwa ajili ya kupima watu. Mmarekani Eugene Garfield aliandika mwaka 1955 akipendekeza faharasa ya marejeo, na faharasa yenyewe ikaanza kutoka katika miaka ya mwanzo ya 1960 kutoka katika taasisi yake iliyokuwa Philadelphia. Shabaha ilikuwa kumsaidia mtafiti kutafuta maandishi: ukiwa na makala moja nzuri ya zamani, unaifuata mbele kwa kuangalia nani ameitaja tangu hapo, kama mtu anayefuata nyayo kwenye mchanga wa pwani. Kwamba nyayo hizo zingekuja kuhesabiwa na kuwekwa katika fomu za kupandishia vyeo, hilo lilikuja baadaye.

Mpwa wangu alishangaa nilipomwonyesha kwamba mtu yule yule ana namba tofauti kutegemea mahali unapomtazama. Kanzidata kubwa zinazotumika ni tatu. Web of Science imetokana na ile faharasa ya Garfield. Scopus ilianza mwaka 2004. Na Google Scholar ilianza mwaka huo huo. Mbili za kwanza huchagua majarida ya kuyahesabu, ilhali ya tatu hukusanya karibu kila kinachofanana na andiko la kitaaluma mtandaoni, zikiwemo tasnifu za wanafunzi na rasimu ambazo hazijahakikiwa, na ndiyo maana namba zake huwa kubwa zaidi. Wasifu aliokuwa nao kijana wangu ulikuwa wa Google Scholar. Ukimlinganisha mkemia aliyehesabiwa na Google Scholar na mwingine aliyehesabiwa na Scopus, umepima samaki wa huyu kwa mizani ya soko hili na wa yule kwa mizani ya soko jingine.

Kipimo cha h ndicho kinachowatatiza wengi, nacho ni chepesi kuliko sifa yake. Kilipendekezwa mwaka 2005 na Jorge Hirsch, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California kilichoko San Diego. Unazipanga makala za mtu kuanzia iliyorejelewa zaidi hadi iliyorejelewa kidogo zaidi, kisha unashuka nazo ukihesabu moja, mbili, tatu, na unasimama pale ambapo namba ya mpangilio inataka kuipita idadi ya marejeo. Chukua mtafiti mwenye makala saba zenye marejeo 120, 45, 30, 9, 6, 5 na 2. Makala ya tano ina marejeo sita, kwa hiyo inapita. Ya sita ina matano tu, kwa hiyo haipiti. Basi h yake ni 5. Sasa tazama ajabu iliyomo. Ile makala ya kwanza ikipanda kutoka marejeo 120 hadi 12,000, yaani ikawa miongoni mwa makala mashuhuri katika fani nzima, h inabaki 5 vile vile. Lakini ile ya sita, ambayo pengine haina la maana, ikiongezewa rejeo moja tu, h inapanda na kuwa 6. Kipimo hiki kinampendelea mtu wa uzalishaji wa wastani unaoendelea bila kukatika, na kinamfumbia macho mtu wa kazi moja kubwa. Wala hakishuki kamwe: mtafiti akistaafu h yake huweza kuendelea kupanda, na hata akifariki.

Hirsch mwenyewe alilitambua suala la umri, akapendekeza h igawanywe kwa miaka ambayo mtu amekuwa akichapisha, na akasema kwamba mwanafizikia mwenye h ya 20 baada ya miaka 20 ya kazi amefanikiwa. Mkemia wetu alichapisha makala yake ya kwanza mwaka 2003. Kwa kipimo hicho anaonekana amefanya vizuri sana, na mpwa wangu alikwisha kutabasamu. Nikamwambia asubiri, kwa sababu kipimo kile kilitolewa kwa wanafizikia, na nyenzo za nano ni shamba jingine lenye mvua nyingine. Ama kile cha i10, hakihitaji maelezo marefu: ni idadi ya makala zilizorejelewa angalau mara 10, nacho hupatikana katika Google Scholar pekee.

Kwa nini shamba hili lina mvua nyingi ya marejeo? Nanomita moja ni sehemu moja ya mita iliyogawanywa mara bilioni, na nyenzo za nano kwa kawaida ni zile ambazo angalau upande wake mmoja uko kati ya nanomita 1 na 100. Unywele wa binadamu, kwa kulinganisha, una unene wa nanomita makumi ya maelfu. Kinachobadilika ukishuka hadi hapo si udogo peke yake. Chukua mchemraba wa sentimita moja kila upande; uso wake wote ni sentimita sita za mraba, sawa na stempu kubwa ya posta. Ukate mchemraba huo huo, bila kuongeza kitu, uwe vijimchemraba vya nanomita moja moja, kisha ujumlishe nyuso za vyote: utapata mita za mraba 6,000, eneo linalokaribia lile linalochezewa mpira katika uwanja kama wa Mkwakwani. Na kemia nyingi hutendeka usoni mwa kitu, si tumboni mwake. Kwa hiyo yeyote anayeshughulika na jambo linalotendeka usoni, awe anatengeneza betri, anachuja maji, anasafirisha dawa mwilini, anatengeneza rangi za kupaka, au anaimarisha plastiki, ana sababu ya kuingia katika nyenzo za nano, na akiingia atazitaja makala za waliomtangulia. Mwanahisabati anayethibitisha nadharia moja ngumu huandikia wasomaji wachache wanaoweza kumfuata. Mkemia anayeeleza jinsi ya kupata chembe za saizi moja huandikia maabara za fani kumi kwa wakati mmoja. Marejeo 300 ya yule na marejeo 3,000 ya huyu hayawezi kuwekwa kwenye mizani moja.

Hapa nilimchukua kijana uani, nikamwonyesha mwarobaini. Mwaka 2004 watafiti wa Pune, India, walichapisha makala iliyoeleza kwamba supu ya majani ya mwarobaini yaliyochemshwa inaweza kuzigeuza chumvi za fedha na dhahabu kuwa chembe za nano, bila zile kemikali kali zilizokuwa zikitumika. Niliposoma habari hiyo, miaka kadhaa baadaye, nilijaribu mwenyewe katika maabara ya shule. Nilichemsha majani machache katika bika kwa dakika chache, nikachuja kwa karatasi, nikapata maji ya njano iliyofifia. Kisha nikayatia polepole katika mmumunyo mwepesi wa nitreti ya fedha, ile ile tunayotumia kupimia kloridi kidato cha tatu na cha nne. Kwanza hapakutokea kitu. Wanafunzi walikwisha kuanza kuniangalia kwa huruma, mara rangi ikaanza kukolea, ikawa ya kaharabu, na kabla kengele ya kipindi haijalia ilikuwa kahawia ya chai ya rangi iliyokolea. Kinachotokea ni kwamba molekuli za majani huzipa ioni za fedha elektroni, fedha hujikusanya katika vipunje vidogo sana, na molekuli nyingine za majani huvizunguka vipunje hivyo visigandamane. Rangi hutokana na elektroni za kipunje kutetemeka kwa pamoja zinapopigwa na mwanga: humeza sehemu ya buluu, na jicho linabakiwa na njano na kahawia. Ni jambo la ukoo mmoja na ule wekundu wa dhahabu iliyotawanywa majini ambao Michael Faraday aliuchunguza na kuuandikia mwaka 1857. Kidole gumba changu kilikaa na doa jeusi la nitreti kwa wiki nzima.

Jaribio ni zuri, na makala ya Pune ilistahili kusomwa. Shida ni kilichofuata. Kwa kuwa kazi ni rahisi, haihitaji vifaa vingi na karibu kila mmea una molekuli za kuigeuza fedha, zilianza kumiminika makala za jani la mpera, jani la mwembe, jani la mlonge, ganda la chungwa, ganda la ndizi, mbegu ya zambarau, na kila mmea unaoweza kuchumwa kabla ya kiamshakinywa. Kila mojawapo huanza kwa aya ile ile kuhusu utengenezaji usiochafua mazingira, na katika aya hiyo huzitaja zile makala za mwanzo. Ndivyo makala moja inavyojipatia maelfu ya marejeo: watu hawakuijenga ikawa ghorofa, waliirudia tu upande upande, nyumba za chini mtaa mzima. Simlaumu kijana aliyeandika ya mlonge, kwa sababu pengine chuo chake kilikuwa na bika na jiko na hakikuwa na zaidi ya hapo. Lakini anayesoma namba lazima ajue kwamba marejeo ya kujengwa juu na marejeo ya kurudiwa huhesabiwa sawa.

Tuliporudi barazani tuliifungua orodha ya mkemia wetu, tukaipanga kwa marejeo. Ya kwanza ilikuwa na marejeo zaidi ya 3,000, yaani theluthi ya jumla yake yote, nayo ilikuwa makala ya mapitio. Makala ya mapitio haileti matokeo mapya ya maabara. Hukusanya yaliyofanywa na wengine, huyapanga na kuyapima. Kuandika pitio zuri ni kazi ya heshima na mimi huwashauri vijana waanze kusoma hapo. Lakini pitio hurejelewa kuliko utafiti wenyewe kwa sababu ya wepesi: mwandishi anayetaka kusema katika sentensi moja kwamba oksidi ya chuma hutumika katika mambo mengi hutaja pitio moja badala ya kazi 20. Kisha tukatazama majina. Waandishi walikuwa 14, na mkemia wetu alikuwa wa tisa. Katika kemia, tofauti na hisabati au uchumi ambako majina mara nyingi hufuata alfabeti, nafasi ina maana yake: wa kwanza kwa kawaida ndiye aliyesimama maabara, wa mwisho ndiye mkuu wa maabara, na mwenye alama ya nyota ndiye anayejibu barua za wasomaji. Wa tisa kati ya 14 huenda alifanya kazi muhimu sana ya upimaji, na huenda alisaidia sehemu ndogo tu. Kanzidata haikuuliza; ilimpa yeye marejeo yote 3,000 kama ilivyompa wa kwanza, na kama ilivyowapa wale wengine 12.

Lipo pia suala la wakati, na mfano wake bora katika fani hii ni makala ya ukurasa mmoja. Mwaka 1958 William Hummers na Richard Offeman walieleza katika jarida la Chama cha Kemia cha Marekani namna ya kuioksidisha grafaiti kwa asidi ya salfuriki, nitreti ya sodiamu na pamanganeti ya potasiamu, kwa njia ya haraka na salama zaidi kuliko zilizokuwapo. Kwa miongo kadhaa ni wachache walioitaja. Mwaka 2004 Andre Geim na Konstantin Novoselov huko Manchester wakaonyesha karatasi ya kaboni yenye unene wa atomu moja, ambayo huitwa grafini, na mwaka 2010 wakapewa Nobeli ya fizikia. Ghafla maabara za dunia nzima zikataka grafini nyingi kwa bei nafuu, na njia mojawapo ilikuwa kuanzia grafaiti iliyooksidishwa. Ile makala ya ukurasa mmoja ikaamka usingizini na kuanza kurejelewa maelfu kwa maelfu. Laiti Hummers na Offeman wangepimwa kwa marejeo yao ya mwaka 1968, wangeonekana wamepoteza muda.

Na lipo suala la lugha, ambalo sisi tunaoandika Kiswahili hatuna budi kulitazama kwa jicho kavu. Mirija ya nano ya kaboni huhusishwa na Sumio Iijima wa Japani na makala yake ya mwaka 1991 iliyotoka katika jarida la Nature, mojawapo ya makala zilizorejelewa sana katika sayansi ya nyenzo. Lakini mwaka 1952 Warusi wawili, Radushkevich na Lukyanovich, walikuwa wamekwisha kuchapisha picha za hadubini ya elektroni zikionyesha mirija ya kaboni yenye upana wa nanomita kama 50, katika jarida la Kirusi la kemia ya kimaumbile. Iijima hakuiba kitu: yeye aliona muundo wa mirija hiyo kwa undani ambao hadubini za 1952 zisingeweza kuufikia, na dunia ya 1991 ilikuwa tayari kusikia. Hata hivyo makala ya Kirusi, katika siku za vita baridi, ilisomwa na Warusi, na marejeo yakafuata lugha.

Sisi wa Tanga tuna hesabu yetu wenyewe katika jambo hili. Mkonge uliletwa Pangani mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, ikasalia miche 62 tu kati ya 1,000 iliyokuwa imeagizwa, na kutokana na hiyo yakaenea mashamba ambayo kufikia mwaka 1964 yaliifanya nchi kutoa tani kama 230,000 kwa mwaka. Aliyewahi kusimama karibu na korona, ile mashine ya kusindika majani ya mkonge, anajua kinachotoka: upande mmoja singa, yaani nyuzi, nyeupe, upande mwingine mto wa maji ya kijani na makapi, kwa sababu singa kavu ni kilo nne au tano tu katika kila kilo 100 za majani. Singa yenyewe, kwa sehemu kama theluthi mbili, ni selulosi, na ndani ya selulosi mna fuwele nyembamba za upana wa nanomita chache, ngumu kwa kiasi cha kuweza kuimarisha plastiki na karatasi. Kuzipata unaondoa kwanza nta, lignini na vingine vinavyozifunga kwa alkali na dawa ya kung'arisha, kisha unaiacha asidi ya salfuriki ile zile sehemu za selulosi zilizopangika ovyo na kuziacha fuwele. Mojawapo ya makala zinazorejelewa sana kuhusu kupata selulosi ya nano kutokana na singa za mkonge ilichapishwa mwaka 2008 katika jarida liitwalo Cellulose, na waandishi wake walikuwa watafiti wa Mar del Plata, Argentina. Mpwa wangu aliposikia hivyo alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mjomba, mkonge?" Ndiyo, mkonge. Marejeo hayaendi kwa mwenye shamba. Huenda kwa mwenye hadubini ya elektroni na mashine ya mionzi ya eksi ya kupimia fuwele, na anayeweza kuzitumia bila kupanga foleni au kusafirisha sampuli zake kwa ndege.

Lakini upande wa pili wa hesabu hiyo nao usisahauliwe. Kule Amani, katika milima ya Usambara, Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti mwaka 1902, na kazi ya kuzalisha mbegu za mkonge iliyofanywa Amani na kisha katika kituo cha Mlingano ndiyo iliyotoa chotara anayejulikana kwa namba 11648, ambaye mzazi wake mmoja wanabotania wanamwita Agave amaniensis kwa heshima ya mahali pale. Chotara huyo amepandwa Tanzania, na amepandwa China kiasi kwamba mashamba ya mkonge ya huko kwa sehemu kubwa ni yake. Mkulima wa China anayekata jani haandiki rejeo. Ukitaka kuijua athari ya kazi ile kwa kufungua kanzidata, utaona kidogo. Ukienda shambani, utaiona hadi upeo wa macho.

Kwa nyenzo za nano zenyewe, mfano wa nyumbani ni Askwar Hilonga, mhandisi wa kemia aliyekuwa Taasisi ya Nelson Mandela huko Arusha, aliyeunganisha uchujaji wa mchanga na nyenzo za nano zinazoweza kurekebishwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali husika. Mwaka 2015 alikuwa mshindi wa kwanza wa tuzo ya Afrika ya ubunifu wa kihandisi inayotolewa na Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza. Anayekinga ndoo kwenye chujio haongezi h ya mtu.

Kuhusu udanganyifu nitasema kwa ufupi, maana wenyewe unajieleza. Palipo na namba inayoleta cheo hapakosi wa kuitengeneza. Wapo wanaojirejelea kupita kiasi, wapo wanaorejeleana kwa mapatano, na vipo viwanda vya makala vinavyouza nafasi ya jina. Mwaka 2023 mchapishaji Hindawi peke yake alifuta makala zaidi ya 8,000, na mwaka huo huo kampuni ya Clarivate, inayotoa orodha ya watafiti wanaorejelewa zaidi duniani, iliondoa majina zaidi ya 1,000 kwa mashaka ya namna hiyo na ikaiacha hisabati nzima nje ya orodha. Wapo waliokwisha kuonya mapema: tamko la San Francisco, lililoanzia mkutano wa mwaka 2012, liliwataka wenye kuajiri na wenye kutoa fedha wasiitumie namba ya jarida kumpima mtu. Namba hiyo ya jarida, ambayo nayo inatokana na Garfield, ni wastani tu: marejeo ya mwaka mmoja kwa makala za miaka miwili iliyotangulia, yakigawanywa kwa idadi ya makala hizo. Makala chache maarufu huupandisha wastani huo, na zilizobaki hupanda pamoja nao bila nauli.

Tuliendelea kushuka na orodha ya mkemia wetu. Ya pili, yenye marejeo zaidi ya 800, ilikuwa ya njia ya maabara, naye alikuwa wa mwisho katika majina. Hiyo nilimwambia aiwekee alama, kwa sababu njia inayoazimwa mara 800 ni njia ambayo wengi wameikuta inafanya kazi. Ya tatu, ya nne na ya tano zilikuwa za chembe za fedha na majani. Tukaziruka. Tukapita ya ishirini, tukapita ya arobaini na moja ambapo h inakoma, na kijana akataka kuizima simu, kwa kuwa huko chini, kwa mujibu wa kipimo, hakuna kinachohesabika.

Nikamwomba aendelee kidogo. Karibu na ya sabini palikuwa na makala ya mwaka 2017 yenye marejeo 23: waandishi wawili tu, mkemia wetu wa kwanza na mwenye nyota, kuhusu kuosha nyuzi za mimea kabla ya kuzitia asidi, na kwa nini fuwele za mzigo mmoja hutoka tofauti na za mzigo mwingine hata ukifuata maelekezo yale yale. Tulisoma muhtasari wake mara mbili. Kisha tukawafungua wale 23 mmoja mmoja, jambo linalowezekana kwa 23 na lisilowezekana kwa 3,000, tukakuta kwamba kati yao 11 walikuwa wameirudia hatua ya kuosha na kutaja matokeo yao, na wawili walikuwa wamempinga kwa vipimo.

"Huyu ndiye ninayemtaka," mpwa wangu alisema.

"Yule yule wa elfu tisa?"

"Yule yule, mjomba. Ila si kwa elfu tisa."

Alimwandikia barua usiku ule ule akiwa hapo hapo barazani, kwa mwanga wa simu, baada ya kuniomba nimwangalizie adabu ya ufunguzi. Hakutaja h wala kusifu marejeo. Aliuliza swali moja: nyuzi za makala ile zilikaa katika asidi dakika ngapi, kwa kuwa jedwali lilisema 45 na maelezo chini ya picha yalisema 60. Halafu akaniuliza kama bado ninafahamiana na mtu yeyote kwenye korona za upande wa Ngomeni, anayeweza kumpatia kilo moja ya singa ambazo hazijapigwa brashi.